Kabla Hujaigusa Kabureta: Namna Ninavyoichunguza Injini ya Msumeno Mkongwe wa Mnyororo

Msumeno wa kwanza niliojaribu kuufufua ulikuwa umekaa stoo kwa miaka mingi, tangi likiwa bado na mafuta yaliyogeuka rangi na kunuka kama rangi ya mbao. Siku ileile nilifungua kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa, nikaisafisha, nikaifunga. Kesho yake nikaifungua tena, na wiki iliyofuata nikanunua nyingine mpya kabisa, lakini injini iliendelea kuwaka kwa sekunde tatu na kuzima. Tatizo halikuwa kwenye kabureta hata kidogo. Mpira unaopeleka mafuta ulikuwa na ufa mwembamba kama unywele mahali unapopenya ukuta wa tangi, ufa ambao haukuonekana mpaka nilipouchomoa mpira na kuukunja kwa vidole. Tangu wakati huo nimejiwekea utaratibu ambao siuvunji: naanza na mgandamizo (jinsi pistoni inavyoibana hewa ndani ya silinda), nafuata cheche, kisha njia ya mafuta, na kabureta naiacha hadi vile vingine vyote vimejibu. Ninaandika haya kwa sababu naona misumeno mingi mizuri ikitupwa, au ikifungwa vipuri vipya vinavyoharibika tena, kwa kuwa mtengenezaji alianza na kile kilichokuwa rahisi kufikiwa na bisibisi.

Kabla ya lolote, vua mnyororo na upau wake, na uchomoe waya wa plagi kila unapoingiza mkono karibu na sehemu zinazozunguka.

Mgandamizo hupimwa kwa geji inayofungwa mahali pa plagi. Zima swichi, fungua choki (kizuizi cha hewa cha kuwashia injini ya baridi), bana kitufe cha mafuta hadi mwisho, hakikisha vali ya kupunguza mgandamizo imefungwa kama msumeno wako unayo, kisha vuta kamba mpaka mshale wa geji usipande tena. Injini yenye afya kwa kawaida huonyesha bar 10 au zaidi. Ikiwa chini ya bar 7 itawaka kwa shida, na ikishapata moto huenda isiwake kabisa. Asiye na geji anaweza kuinua msumeno kwa mpini wa kamba ya kuwashia na kuuacha uning'inie: ukishuka polepole kwa vituo, pistoni na ringi, yaani pete zinazoizunguka, bado zinabana, ukiporomoka mara moja, kuna kasoro. Hata hivyo namba hiyo pekee isikuridhishe. Nimewahi kupima injini iliyotoa bar 10 ilhali pistoni yake ilikuwa imekwaruzwa vibaya, kwa sababu silinda ilikuwa imelowa oili, na oili huziba nafasi kati ya ringi na ukuta kwa muda.

Ndiyo maana huwa naivua sailensa kila mara. Ni kazi ya bolti mbili au tatu, nayo hukufungulia dirisha la kuiona pistoni yenyewe kupitia tundu la kutolea moshi. Zungusha gurudumu la sumaku, lile linalozungushwa na kamba ya kuwashia, taratibu na umulike kwa tochi. Pistoni nzima huonyesha mistari laini ya mlalo iliyoachwa na mashine kiwandani. Mikwaruzo ya wima upande huu wa moshi humaanisha kuwa injini ilipata joto kupita kiasi, ama kwa kukosa oili kwenye petroli, ama kwa kuvuta hewa nyingi kuliko mafuta. Ukivua kabureta na kukuta mikwaruzo iko zaidi upande wa kuingilia hewa, basi shuku vumbi lililopita kwenye chujio lililochoka. Tofauti hii ndogo ya upande ni ushahidi wa thamani kubwa, kwa sababu inakuambia injini iliumizwa na nini, na jibu hilo utalihitaji mbele. Sailensa ikiwa nje, kwangua masizi kwenye tundu kwa kijiti cha mti huku pistoni ikiwa imeliziba ili vipande visiangukie ndani, na usafishe wavu wa kuzuia cheche. Wavu ulioziba huufanya msumeno uwake vizuri lakini ukose nguvu unapoukanyagia kwenye gogo.

Cheche haichukui muda mrefu. Vuta kamba mara sita hivi ukiwa umefunga choki, kisha toa plagi na uitazame. Ikiwa imelowa, mafuta yanafika. Ikiwa kavu, hayafiki, na tayari umepunguza nusu ya maswali. Chomeka kwenye waya plagi mpya yenye mwanya wa milimita 0.5, au kipimo ambacho kitabu cha mashine yako kimetaja, iegemeze kwenye chuma cha silinda mbali na tundu lake, ulizibe tundu kwa kitambaa, kwa maana mvuke wa petroli unaotoka hapo unaweza kushika moto, kisha vuta kamba. Cheche isipoonekana, chomoa kwanza waya mwembamba wa kuzimia injini kabla ya kuilaumu koili, kifaa kinachotoa umeme wa cheche. Katika misumeno mikongwe waya huo hupita mahali pabanifu, hulika ganda lake na kugusa chuma, na injini hubaki imezimwa siku zote. Koili yenyewe hukaa umbali wa takriban milimita 0.3 kutoka gurudumu la sumaku, unene wa kadi ya karatasi ngumu. Ile ya kizazi cha zamani zaidi, yenye platini (vinundu vya chuma vinavyokata na kuunganisha umeme) chini ya gurudumu, mara nyingi hupona kwa kusafishwa nyuso za platini tu. Na kama kamba inakurudishia mkono kwa ghafla unapowasha, angalia ufunguo mdogo unaolishikilia gurudumu kwenye krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni), kwa sababu ukikatika nusu, cheche hutoka wakati usio wake.

Kuhusu mafuta, mwaga yaliyomo bila kuyahurumia. Petroli iliyochanganywa na kuachwa miezi kadhaa haifai kupimia chochote, na ile yenye ethanoli hunyonya unyevu na kuudhoofisha mpira na viwambo, yaani vipande vyembamba vinavyonyumbuka ndani ya kabureta. Changanya upya kwa uwiano ulioandikwa kwenye kitabu au kwenye kizibo cha tangi: 50 kwa 1 ni mililita 20 za oili ya mipigo miwili kwa kila lita ya petroli, na 25 kwa 1 ni mililita 40. Oili ya injini ya gari haiingii hapa. Kisha vuta chujio kutoka ndani ya tangi kwa waya uliokunjwa ncha, libadilishe, na ukague mpira wote kwa kuukunja kila sentimita, hasa pale unapopita ukutani. Usisahau kitundu cha kupumulia cha tangi. Msumeno unaofanya kazi dakika chache, ukazima, kisha ukawaka tena baada ya kufungua kizibo na kusikia mlio wa hewa ikiingia, hauna ugonjwa mwingine zaidi ya tangi lisilopumua.

Sasa kabureta. Inafaa kuelewa kwanza kwa nini haifanani na ya pikipiki. Msumeno hutumika ukiwa umelala ubavu na hata kichwa chini, kwa hiyo haiwezekani kuwa na bakuli lenye boya. Badala yake kuna viwambo viwili. Kimoja ni pampu, nacho huchezeshwa na mapigo ya hewa yanayotoka kwenye chemba ya krenki kila pistoni inapopanda na kushuka. Kingine hupima mafuta kwa kusukuma kijiko kidogo kinachofungua sindano. Kiwambo kilichozeeka hukakamaa; ukikibonyeza kwa kidole kikatoa mlio kama karatasi, hakiwezi tena kuhisi mvuto mdogo wa injini, nacho hakisafishiki, hubadilishwa. Seti ya viwambo, gaskiti na sindano ni bora kuliko kabureta mpya isiyojulikana ubora wake. Piga picha kabla ya kutenganisha, kwa kuwa mpangilio wa gaskiti na kiwambo upande wa pampu si sawa na wa upande wa kipimo, na ukiugeuza, kabureta haitafanya kazi ingawa kila kitu ni kipya. Kimo cha kijiko ni jambo la sehemu ya milimita: kikiwa juu mno injini hufurika, kikiwa chini mno hulia njaa. Usichokoe vitundu kwa waya, kwa sababu tundu likipanuka kidogo tu halitarudi kamwe katika kipimo chake. Kabla ya kuifunga, mimi huunganisha pampu ndogo ya mkono kwenye njia ya mafuta na kuipandisha hadi bar 0.5, ikishika bila kushuka, sindano inaziba.

Nikifika hapa ndipo ninapotaka msomaji atulie, kwa sababu ndipo injini kongwe zinapouawa. Injini ya mipigo miwili huvuta mchanganyiko wake kupitia chemba ya krenki, na oili inayoilainisha iko ndani ya petroli hiyohiyo. Hewa ikipenya mahali pengine popote, mchanganyiko hupungua mafuta, na kwa kupungua mafuta hupungua pia oili, huku joto likipanda. Dalili zake zinafahamika kwa anayesikiliza: injini hukimbia yenyewe ikiwa haijabanwa, huchelewa kushuka unapoachia kitufe, hubadili sauti unapouinamisha msumeno, na hukubali marekebisho ya skrubu leo ili iyakatae kesho. Mtu asiyejua huendelea kufungua skrubu za kabureta ili kufidia, na kwa siku chache huonekana amefaulu.

Mimi mwenyewe nilipoteza pistoni kwa njia hiyo. Nilikuta ya zamani imekwaruzwa upande wa moshi, nikafunga mpya pamoja na ringi zake, nikafurahia mlio, na baada ya matangi mawili ya mafuta ikawa imekwaruzwa mahali palepale. Sikuwa nimejiuliza ya kwanza ilikufa kwa nini. Oili sili (pete ya mpira inayoziba krenki inapotoka kwenye chemba) ya upande wa gurudumu la sumaku ilikuwa imekakamaa, nayo ilikuwa na tabia ya kunidanganya: nilipojaza hewa kwenye injini, shinikizo liliibana kwenye krenki na ikaziba, nilipofyonza hewa, ilifunguka na kuvuja. Kwa hiyo sasa napima kwa njia zote mbili. Nakata vipande vya mpira wa tairi, nabana kimoja nyuma ya sailensa na kingine nyuma ya kabureta, naunganisha pampu kwenye njia ya mapigo, najaza hadi bar 0.5 na kupaka maji ya sabuni kwenye sili zote mbili, chini ya silinda, kwenye plagi na kwenye kiungo cha mpira kati ya kabureta na silinda. Kisha nageuza na kufyonza kwa kiwango hichohicho, huku nikizungusha krenki polepole, kwa maana sili inaweza kushika ikiwa imetulia na kuachia inapozunguka. Kipimo kikikaa bila kushuka kwa dakika nzima, naridhika. Wapo wanaopulizia petroli au dawa inayowaka kwenye injini inayonguruma ili wasikie mlio ukibadilika. Siwezi kuishauri njia hiyo karibu na sailensa yenye moto.

Ikiwa pistoni lazima ibadilishwe, na chanzo kimeshapatikana, kazi yenyewe si ngumu. Mshale juu ya pistoni huelekea upande wa moshi, ncha za ringi hukaa kwenye vijipini vidogo vilivyo ndani ya mifereji yake, vishikizo vya pini hufungwa vipya, na mdomo wa chemba huzibwa kwa kitambaa safi ili kishikizo kisirukie ndani. Ukutani mwa silinda, ondoa alumini iliyoganda bila kuumiza utando mgumu ulio chini yake. Utando wenyewe ukiwa umebanduka, silinda hiyo haifai tena. Unapohitaji kuizuia injini ili ufungue klachi, ingiza kamba safi kupitia tundu la plagi na usitumie chuma, na ukumbuke kuwa nati ya klachi kwa kawaida hufunguka kwa kugeuzwa upande wa saa.

Marekebisho ya mwisho hufanywa msumeno ukiwa umefungwa upau na mnyororo uliotiwa makali, injini ikiwa na moto, chujio la hewa likiwa safi. Kabureta nyingi huanzia mzunguko mmoja wazi kwa skrubu zote mbili, ya mwendo wa chini na ya mwendo wa juu. Rekebisha ya chini mpaka injini iitikie kitufe bila kusita, kisha weka mwendo wa taratibu ambao mnyororo hausogei kabisa. Skrubu ya juu ndiyo inayohitaji subira: kwenye mwendo wa juu bila mzigo injini isikike ikigugumia kidogo, na mgugumio huo upotee inapoingia kwenye mti. Ikilia kwa sauti nyembamba iliyonyooka hata ikiwa haina mzigo, ina njaa, hata kama inaonekana ina nguvu kuliko ilivyowahi kuwa.

Baada ya tangi la kwanza iache ipoe kabisa, kaza tena bolti za silinda na za sailensa, na utoe plagi. Ikiwa kauri yake ina rangi ya kahawia hafifu, jaza tangi la pili na uendelee na magogo. Ikiwa ni nyeupe, rudisha vile vipande vya mpira, unganisha pampu, na uanze tena kutafuta mahali hewa inapoingilia.