Maswali ya Wasomaji: Kompyuta Mpya, Kebo Ile Ile, Mtandao Haushiki

SWALI: Mheshimiwa mwandishi wa safu hii, shikamoo. Nina duka dogo la kuchapa na kutoa kopi hapa Morogoro. Mwezi uliopita nilinunua kompyuta mpya ya mezani ili niipumzishe ile ya zamani, ambayo imenihudumia kwa zaidi ya miaka kumi. Nilichomoa kebo ya mtandao kwenye ya zamani nikaichomeka kwenye mpya, na tangu siku hiyo sijapata raha. Taa iliyo kwenye tundu la kebo inawaka kwa sekunde chache kisha inazimika, na kwenye kona ya kioo inakaa alama ya dunia inayosema hakuna intaneti. Nikiirudisha kebo kwenye kompyuta ya zamani, mtandao unashika pale pale. Aliyeniuzia anaapa kwamba kompyuta ni nzima na kebo ndiyo mbovu. Fundi aliyetandaza kebo anasema kebo haina neno, kwa kuwa kompyuta ya zamani inafanya nayo kazi. Mimi nimebaki katikati na wateja wananisubiri. Nani mkweli?

Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba. Kabla ya kuikagua kompyuta yenyewe sitathubutu kumpa mtu ushindi, lakini hoja ya fundi wa kebo ina ufa ambao watu wengi hawauoni. Kebo kufanya kazi na kompyuta ya zamani si ushahidi kwamba kebo hiyo ni nzima, kwa sababu kompyuta ya zamani huenda haikuwahi kuitumia yote.

Ndani ya kebo ya mtandao mna nyaya nane zilizosokotwa mbili mbili, yaani jozi nne. Kompyuta nyingi za bei nafuu za miaka ile zilikuja na kadi ya mtandao yenye mwendo wa megabiti 100 kwa sekunde, na mtandao wa mwendo huo, ambao kanuni zake ziliwekwa mwaka 1995, hutumia nyaya nne tu: ile ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya sita. Nne zilizobaki hukaa bila kazi, na hata zikikatika hakuna atakayejua. Kompyuta yako mpya bila shaka ina kadi ya megabiti 1,000 au hata 2,500, na kadi hizo zinahitaji nyaya zote nane ziwe nzima kutoka mwanzo wa kebo hadi mwisho wake. Kwa hiyo waya uliokatika miaka mitano iliyopita unaweza kuanza kukusumbua leo.

Hata kule kuwaka na kuzimika kwa taa kunaelezeka kwa njia hiyo. Kebo inapochomekwa, kadi ya kompyuta na ruta, yaani kisanduku kinachogawa mtandao, huanza kwa kuulizana mwendo ambao kila upande unauweza, na mazungumzo hayo hupita kwenye zile jozi mbili zilizo nzima. Wanapatana kwamba wataenda kwa megabiti 1,000, wanajaribu, wanakuta jozi nyingine hazijibu, wanaachana, kisha wanaanza upya. Kadi nyingine zina busara ya kushuka zenyewe hadi megabiti 100 baada ya kushindwa mara kadhaa; nyingine zitahangaika hivyo hivyo mchana kutwa.

Anza basi na kichwa cha kebo, kile cha plastiki angavu. Kishike kwenye mwanga, kijino cha kufungia kikiwa upande wa chini na kebo ikielekea kwako, ukizitazama ncha za shaba kutoka juu. Kwa mpangilio unaotumiwa na mafundi wengi, kutoka kushoto utaona nyeupe yenye mstari wa chungwa, chungwa, nyeupe yenye mstari wa kijani, bluu, nyeupe yenye mstari wa bluu, kijani, nyeupe yenye mstari wa kahawia, na kahawia. Hesabu kama ziko nane na kama kila moja imefika mwisho kabisa chini ya kipande chake cha shaba, kwa maana waya uliopungua hata milimita mbili haugusi kitu. Tazama na upande wa pili wa kebo, ule wa kwenye ruta, maana mpangilio wa pande zote mbili lazima ulingane. Nimewahi kufungua kichwa cha kebo katika ofisi moja nikakuta nyaya za bluu na za kahawia zimekunjwa nyuma na kufichwa chini ya ganda la nje. Aliyeifunga alikuwa ameigawa kebo moja ihudumie kompyuta mbili, chungwa na kijani kwa moja, bluu na kahawia kwa nyingine. Kwa mwendo wa megabiti 100 ujanja huo unakubali. Siku ofisi iliponunua kompyuta mpya, ukakataa.

Ukipata nafasi ya kukata kichwa, kwangua waya mmoja kwa wembe. Shaba halisi itabaki nyekundu hadi ndani. Ikionekana rangi nyeupe ya fedha, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba juu juu, nayo imejaa madukani kwa sababu ni rahisi. Hukatika ikikunjwa kwenye kona au ikibanwa na mlango, na mara nyingi hukatikia ndani huku ganda la nje likionekana zima. Kama kebo yako inapita chini ya zulia au imegongomelewa misumari ukutani, nisingeshangaa.

Jambo litakalomaliza ubishi wa mafundi wako, hata hivyo, halihitaji wembe. Beba kompyuta mpya uipeleke karibu na ruta, nunua kebo fupi mpya ya mita moja au mbili ambayo vichwa vyake vimebanwa kiwandani, kisha unganisha. Taa ikitulia na mtandao ukashika, kompyuta ni nzima, na mwenye kebo anapaswa kurudi na koleo lake. Taa ikiendelea kuwaka na kuzimika, hamishia kebo kwenye tundu jingine la ruta, na ujaribu pia kifaa kingine chenye tundu la kebo. Kile kikishika na kompyuta ikikataa, mrudishie muuzaji mzigo wake wakati muda wa dhamana bado upo. Nasisitiza kebo fupi ya kiwandani kwa sababu nimeona mtu akipima kebo mbovu kwa kutumia kebo nyingine mbovu iliyobanwa na fundi yule yule siku ile ile.

Kama kubeba kompyuta ni shida, lipo jaribio la kukaa kwenye kiti. Bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi X, chagua Device Manager, fungua orodha ya kadi za mtandao, bonyeza mara mbili jina la kadi ya kebo, nenda kwenye ukurasa wa Advanced, tafuta mstari wa Speed & Duplex, na uchague megabiti 100. Mtandao ukitulia hapo, basi nyaya nne zile zilizolala ndizo zenye tatizo. Lakini ukimaliza kupima, rudisha mpangilio wa kujichagulia mwenyewe. Upande mmoja ukilazimishwa mwendo na mwingine ukaachwa ujichagulie, ruta inaweza kudhani kwamba njia ni ya kupokezana, mmoja anatuma na mwingine anangoja, ilhali kompyuta inatuma na kupokea kwa wakati mmoja. Matokeo yake ni mtandao unaoonekana mzima lakini unaokokota faili dogo kwa dakika nzima, na huo ni ugonjwa mgumu kuutambua kuliko ule uliouanza nao.

Kabla ya kulipa fundi yeyote, zima kompyuta, chomoa waya wa umeme ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi na tano, kisha uwashe upya. Wengi hudhani kompyuta iliyozimwa imezimika yote, kumbe kadi ya mtandao mara nyingi huendelea kupata umeme kidogo ili iweze kuiamsha kompyuta kutoka mbali. Ndiyo maana usiku utaiona taa ya tundu inawaka ilhali kioo ni cheusi. Kadi iliyoganda haiponi kwa kuzima na kuwasha tu. Inapona ikinyimwa umeme.

Ikitokea taa ikatulia na bado intaneti hakuna, achana na kebo na uitazame anwani. Fungua dirisha la amri (Command Prompt), andika ipconfig, na usome mstari wa IPv4. Ukiona anwani inayoanza na 169.254, kompyuta iliomba anwani kwa ruta, haikujibiwa, ikajipa yenyewe. Zima na uwashe ruta, na hakikisha kebo haijachomekwa kwenye tundu la ruta lililotengwa kwa ajili ya waya wa mtoa huduma, ambalo aghalabu lina rangi tofauti na mengine. Ukiona anwani ya kawaida, mathalani inayoanza na 192.168, andika ping ukifuatiwa na anwani ya ruta iliyoandikwa kwenye mstari wa Default Gateway, kisha ping 8.8.8.8, ambayo ni anwani ya Google huko nje kwenye intaneti. Ruta ikijibu na 8.8.8.8 isijibu, tatizo limetoka nje ya duka lako. Zote zikijibu na kurasa zisifunguke, kilichokwama ni huduma ya kutafsiri majina ya tovuti kuwa anwani, na hapo mpangilio wa DNS wa kadi ndio wa kutazamwa.

SWALI: Hujambo mwandishi? Nimejiundia kompyuta ya mezani kwa kununua sehemu moja moja, na sasa ninaweka Windows 11 kwa mara ya kwanza. Imefika mahali inataka mtandao ndipo iendelee. Kebo nimechomeka, taa zinawaka, lakini inadai haioni mtandao wowote. Je, ubao mama umekufa kabla ya kuzaliwa?

Msomaji, Nakuru

JIBU: Sijambo. Ubao wako una uwezekano mkubwa wa kuwa mzima, maana taa zimewaka. Kinachokosekana ni draiva, yaani programu ndogo inayoiwezesha Windows kuitumia kadi. Windows huja na draiva za kadi nyingi, lakini kadi mpya zaidi, hasa hizi za megabiti 2,500, mara nyingi hazimo ndani ya nakala uliyo nayo kwenye flashi. Na mfumo unaokudai intaneti ili uendelee ndio huo huo unaohitaji intaneti ili kuipata draiva. Waliopanga utaratibu huo sidhani kama waliwahi kuunda kompyuta mezani kwao.

Chukua simu yako ya Android, iunganishe na kompyuta kwa waya wake wa kuchajia, kisha kwenye mipangilio ya simu washa kushiriki intaneti kwa USB. Kwa kawaida kompyuta itaichukulia simu kama kadi ya mtandao, nawe utaendelea. Tahadhari moja tu: ukishafika ndani, Windows itaanza kushusha masasisho ya ukubwa wa kutisha, na bando la wiki litaisha kabla ya chai kupoa. Nenda haraka kwenye mipangilio ya mtandao, uweke alama kwamba muunganisho huo unalipiwa kwa kipimo.

Kisha tafuta draiva yenyewe. Kwenye Device Manager utaiona kadi ikiwa na alama ya njano na jina la jumla lisilosema kitu. Fungua sifa zake, ukurasa wa Details, uchague Hardware Ids. Ukiona VEN_8086, kadi ni ya Intel. VEN_10EC ni ya Realtek, na ikifuatiwa na DEV_8125 ni ile ya megabiti 2,500. Shusha draiva kutoka tovuti ya kampuni iliyotengeneza ubao wako, kwa kutumia jina kamili la ubao kama lilivyochapwa juu yake. Zile tovuti zinazoahidi kukutafutia draiva zote kwa programu moja, zipite mbali. Na kama Device Manager haionyeshi dalili yoyote ya kadi ya kebo, hata ile yenye alama ya njano, ingia BIOS, yaani mipangilio ya ubao wenyewe inayofunguliwa kabla Windows haijawaka, uone kama kadi imezimwa huko.

SWALI: Nyumbani kwetu hatuna ruta, kompyuta imechomekwa moja kwa moja kwenye kisanduku cha mtoa huduma. Nimeleta kompyuta mpya, taa zimetulia, lakini intaneti hakuna. Ya zamani ikirudishwa, inafanya kazi. Kebo nimeshabadilisha.

Msomaji, Tanga

JIBU: Kila kadi ya mtandao hutoka kiwandani na namba yake ya utambulisho, na baadhi ya watoa huduma huifungia huduma kwa namba ya kwanza waliyoiona. Kisanduku bado kinaijua kompyuta yako ya zamani. Kichomoe kwenye umeme, kiache kwa dakika kadhaa, unganisha kompyuta mpya kwanza ndipo ukiwashe. Kikigoma, mpigie mtoa huduma umwombe afute usajili wa namba ya zamani. Jikumbushe pia kama kwenye kompyuta ile ulikuwa na muunganisho unaodai jina na neno la siri. Kama ulikuwepo, itakubidi uuweke upya kwenye hii mpya. Vyovyote iwavyo, ningekushauri ununue ruta ndogo uiweke katikati. Kompyuta iliyochomekwa moja kwa moja namna hiyo mara nyingi huwa haina kitu kati yake na intaneti isipokuwa ulinzi wake yenyewe, na ruta ikishasajiliwa kwa namba yake, mtoa huduma hatakuwa na haja ya kujua ni kompyuta gani iko nyuma yake.