Kabla Hujafomati Diski Yenye Windows na Ubuntu

Nina faili 26 za sauti ya bibi yangu. Zilikuwa 41. Nilimrekodi jikoni kwake Pangani, likizo mbili mfululizo, yeye anakuna nazi huku ananihesabia ukoo: nani alimwoa nani, nani alihamia Unguja hakurudi, shamba lipi lilikuwa la nani. Nilizihamishia kwenye kompyuta mpakato, diski D, nikaamini ziko salama. Zilipotea siku kompyuta ile ilipofomatiwa, na tatizo lililosababisha ifomatiwe lingekwisha kwa dakika mbili bila kugusa diski hata kidogo.

Ndiyo maana mtu akiniambia "mashine yangu ina Windows na Linux, inasumbua, naifomati", huwa namwomba asubiri kwanza.

Ilikuwa hivi. Nafasi ilinibana, nikaingia Windows nikafuta patisheni ya Ubuntu, yaani kipande cha diski kilichokuwa na Ubuntu, mfumo wa Linux niliokuwa nao pamoja na Windows. Nikazima, nikalala. Asubuhi nawasha nakuta skrini nyeusi, maandishi meupe mistari miwili mitatu, na chini yake neno grub> na kistari kinapepesa. Windows haionekani. Nikaibeba hadi Kariakoo. Fundi akaitazama kidogo tu, akasema, "Kaka, Windows imekufa hii. Tunapiga mpya, elfu ishirini." Nikamuuliza kuhusu vitu vyangu vya D. Akasema havitaguswa. Jioni narudi kuichukua, D haipo: alifuta patisheni zote ili aanze upya. Nilikasirika sana siku ile, lakini nakala sikuwa nayo popote, na hilo lilikuwa juu yangu.

Windows haikuwa imekufa. GRUB, ile programu inayokuuliza ungependa kuingia wapi, haikai sehemu moja. Kipande chake kidogo kimo kwenye patisheni ya EFI, ile ndogo ya FAT32 yenye programu za kuwashia mifumo, ambayo mara nyingi Windows huitengea MB 100. Menyu na mipangilio yake imo ndani ya patisheni ya Ubuntu. Nilipoifuta Ubuntu nilibakiza bawabu mlangoni, nikabomoa nyumba iliyokuwa na daftari lake. Akaamka asubuhi, hajui ampeleke nani wapi.

Halafu kuna orodha ya nani aitwe kwanza. Kwenye mashine za UEFI (programu ya kuwashia iliyo ndani ya ubao-mama), yaani karibu zote zilizokuja na Windows 8 kuendelea, orodha hiyo huandikwa kwenye chipu ya ubao-mama. Haimo kwenye diski. Kwa hiyo nilichotakiwa kufanya asubuhi ile ni kuwasha huku nabonyeza F12 (mashine nyingine ni F9, F2 au Esc), nichague Windows Boot Manager, kisha niingie kwenye mipangilio niiweke ya kwanza. Basi.

Ushahidi niliupata baadaye. Kompyuta imefomatiwa yote, Windows ni mpya, nabonyeza F12 nakuta jina "ubuntu" bado limo kwenye orodha. Nilikaa nikalitazama muda mrefu. Sauti za bibi zimeondoka, jina la kitu kilichosumbua limebaki! Kuliondoa niliwasha kwa flashi ya Ubuntu, ile iliyoandaliwa kuwasha kompyuta bila kutegemea diski, nikafungua dirisha la amri, nikaandika sudo efibootmgr, nikaona namba yake ni 0002, nikaandika sudo efibootmgr -b 0002 -B. Likaondoka.

Kwa mashine za zamani zenye BIOS, programu ya kuwashia iliyotangulia UEFI, mambo ni tofauti kidogo. Huko GRUB huanzia kwenye baiti 512 za mwanzo kabisa wa diski, nje ya patisheni zote. Unaweza kufomati C mara kumi na hapo pasiguswe. Washa kwa flashi ya Windows, ingia sehemu ya kurekebisha, fungua dirisha la amri, andika bootrec /fixmbr.

Yapo matatizo mengine yanayopelekwa kwa fundi bure. La saa ndilo linalotukuta sana huku kwetu. Unatoka Ubuntu saa nne asubuhi, unaingia Windows inakuambia ni saa moja. Watu wanabadilishiwa betri ya ubao-mama, wanafomatiwa, na saa inarudi kukosea palepale. Kinachotokea ni kwamba Linux huandika kwenye ubao-mama saa ya dunia, UTC, na Windows huisoma kama saa ya hapa. Sisi Afrika Mashariki tuko saa tatu mbele ya UTC, kwa hiyo kosa ni saa tatu kamili kila mara. Ukiona tatu kamili, betri haina kosa. Ingia Ubuntu uandike timedatectl set-local-rtc 1, nayo itaanza kuandika saa ya hapa, utaishi kwa amani.

Lingine: Ubuntu inakataa kuandika kwenye diski ya Windows, inakuruhusu kusoma tu. Mara nyingi hiyo ni ile hali ya kuwaka haraka iliyokuja na Windows 8. Ukibonyeza kuzima, Windows haizimiki yote, inalala na mafaili yake wazi, na Linux inaogopa kuyavuruga. Fungua dirisha la amri la msimamizi kwenye Windows, andika powercfg /h off, kisha zima na uwashe.

Na kama sasisho la Windows limefanya Ubuntu isionekane, jaribu F12 kwanza. Mara nyingi ni mpangilio tu uliobadilishwa.

Sasa kuna tatizo ambalo kufomati kunalificha kwa wiki chache, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi nikiona mtu anarudishwa kwa fundi mara ya tatu. Diski yenyewe inakufa. Kompyuta inaganda, inawaka leo kesho inagoma, Windows inaharibika, Ubuntu nayo inaharibika. Ukifomati inachangamka kidogo, kisha inarudia. Kabla hujalipa tena, washa Ubuntu ya flashi, weka smartmontools, programu za kupima afya ya diski, andika sudo smartctl -a /dev/sda. Tafuta mistari ya Reallocated_Sector_Ct na Current_Pending_Sector, inayohesabu sehemu za diski zilizoharibika au zinazotiliwa shaka. Namba ya mwisho ya mstari ikiwa sifuri, shukuru. Ikiwa inaongezeka kila ukipima, hamisha vitu vyako leo, ununue diski nyingine.

Sisemi kufomati hakufai. Virusi vikishaizoea Windows, nafomati. Mifumo miwili ikiwekwa mmoja kwa UEFI na mwingine kwa BIOS ya zamani, kuanza upya ni nafuu kuliko kuhangaika. Kompyuta ikienda kuuzwa, lazima. Ila kwanza hamisha vitu kwenye diski ya nje, uvifungue huko uone vinafunguka kweli. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, lile kufuli la siri la Windows, hakikisha unao ule ufunguo wa tarakimu 48 kabla hujagusa lolote. Na ukimpa fundi, kaa naye pale afanye ukiona.

Na kama imeshafomatiwa na vitu vyako vimepotea, zima mashine sasa hivi. Usiweke programu, usipakue kitu. Kufomati kwa haraka hufuta faharasa tu, mafaili yenyewe hubaki hadi kitu kingine kiandikwe juu yake. Diski yangu ilikuwa ya kuzunguka, ndiyo maana nilipata nafuu. Kwenye SSD, diski isiyozunguka, mara nyingi mafaili huwa yameshafutika. Niliitoa, nikaichomeka kwenye kompyuta nyingine, nikaiachia PhotoRec, programu ya kurudisha mafaili yaliyofutwa, usiku kucha. Hairudishi majina. Asubuhi nilikuta mamia ya mafaili yenye majina ya namba, matangazo na milio ya programu vimechanganyika na kila kitu. Nikavaa spika za masikioni nikafungua moja moja. Nyingine nikazitambua kabla bibi hajasema neno, kwa mlio wa mbuzi ya nazi.