Mafundi wenzangu, tuache kucheka

Kazi yangu ni kusimamia ujenzi, zamani Dar es Salaam na sasa Dodoma. Nikitaja unyanyasaji wa kijinsia kazini, watu wengi hufikiria ofisi zenye viyoyozi. Mimi nazungumzia saiti: wanawake wanaobeba maji na kokoto wakati wa kumwaga zege, mama lishe anayefika na mahotpoti yake, binti wa chuo aliyeletwa kujifunza kufunga umeme kwa vitendo. Nawaandikia wanaume, maana wao wanawake hawahitaji kusimuliwa na mimi.

Nimeona hivi: anayemsumbua mwanamke mbele za watu hamwangalii yule mwanamke, anatuangalia sisi. Anatupa neno chafu, halafu anageuza shingo aone nani kacheka. Tukicheka leo, kesho mkono wake utafuata.

Kwenye saiti moja, fundi alimvuta kanga mama lishe aliyekuwa ameinama anapakua wali, akamwambia deni lake aje kulichukua geto usiku. Vijana wakaangua kicheko. Kulikuwa na mzee mmoja seremala, mtu wa maneno machache. Akaweka sahani yake chini na kusema, wala hakupaza sauti: "Mlipe mama hela yake. Sasa hivi, hapa hapa." Akabaki anamtazama. Wale waliokuwa wanacheka wakainamia sahani zao. Yule fundi akapapasa mfukoni, akatoa hela, akalipa. Ngumi haikurushwa. Baada ya hapo madeni ya chakula pale yakawa yanalipwa mchana kweupe, na kanga ya mama yule hakuna aliyeigusa tena.

Ndivyo ninavyoshauri kufanya. Sema palepale, kwa maneno machache, ukimwelekea mwanaume mwenzako na waliocheka wakisikia. "Acha hiyo." "Tuko kazini." Kumwita pembeni baadaye nako kunafaa, lakini wale vijana wadogo walioshuhudia watakuwa wameondoka wakijua jambo lile ni la kawaida.

Utasikia, "Aa, huyu mtani wangu." Utani tunaujua sote. Mpare na Mchaga wanataniana hadi msibani, na Mnyamwezi na Mzaramo vilevile. Utani huenda ukarudi: unanipiga, nakupiga, tunacheka wote. Mwanamke asiyeweza kukujibu kwa sababu wewe ndiye unayeandika majina ya vibarua hana utani na wewe, anakuvumilia tu.

Na hapo kwenye majina ya vibarua ndipo palipo na uozo mkubwa. Asubuhi watu wanajaa getini, mtu mmoja anasimama na daftari na kuchagua nani aingie. Jioni mtu huyohuyo anagawa posho, mmoja mmoja, ndani ya kontena. Mwanamke akimkatalia, wiki nzima jina lake halisomwi, na hakuna anayeweza kuonyesha kosa lilipo. Hii ni rushwa ya ngono, na ni jinai chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. TAKUKURU wanapokea taarifa kwa simu namba 113, bila malipo.

Msimamizi mwenzangu, usingoje mpaka mtu alalamike. Orodha iandikwe na watu wawili tangu jana yake, ibandikwe getini. Posho ipite kwenye simu, na kama ni taslimu, ilipwe nje watu wakiona. Choo cha wanawake kiwe na mlango wenye komeo kwa ndani. Asitumwe mwanamke stoo peke yake na mtu ambaye kila mmoja anazijua tabia zake. Mambo haya hayana gharama ya kumfanya mkandarasi akatae, nimeshayafanya na kazi ikaenda. Shirika la Kazi Duniani nalo liliyaona: Mkataba wake Namba 190 wa mwaka 2019 unataja waziwazi mahali mfanyakazi anapolipwa, anapokula, anapojisaidia, na hata njia ya kwenda na kurudi kazini. Unamhesabu pia anayetafuta kazi, yaani yule aliyesimama getini.

Vijana huniuliza kama kutongoza nako kumekuwa kosa. Umemwambia mtu mzima mwenzako, kakataa, mkaendelea na kazi: sina neno na wewe. Ukirudia baada ya kukataliwa, unamsumbua. Na kama mkate wake uko mikononi mwako, usianze kabisa.

Ukishamtetea, muulize anataka nini. Wapo wanaotaka kushtaki, wapo wanaotaka yaishe wabaki na kazi yao, na uamuzi huo ni wao. Usikimbilie ofisini kupeleka habari zake bila kumwuliza. Na tafadhali, usimtetee asubuhi halafu jioni ukamwombe namba. Nimeliona hilo, na linaumiza kuliko tusi, kwa sababu linamfundisha kwamba hakuna mwanaume wa kumwamini hapo.

Kama wewe ni kibarua tu na unaogopa kufukuzwa, hofu yako ina sababu. Basi msiende mmoja mmoja, nendeni watatu au wanne. Andika kwenye simu yako tarehe, saa, maneno yaliyosemwa na nani alikuwepo, siku hiyohiyo kabla hujasahau. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inahesabu unyanyasaji kuwa ubaguzi na inaukataza. Lakini kesi nyingi hufia kwenye swali la nani aliona. Tulioona huwa tupo, tena wengi. Akikubali kwenda mbele, mwambie aandike jina lako, na siku ya kuitwa uende.