Mkonge mtupu au umechanganywa?

Ndugu, umeuliza utajuaje kama karatasi uliyouziwa kuwa ni ya mkonge mtupu imetiwa makaratasi ya ofisini, yanayotokana na miti. Chana vipande vidogo sehemu tatu nne, kona moja haitoshi. Vaa glavu, chemsha dakika chache kwenye soda kostiki ya asilimia 1, suuza mpaka utelezi uishe, kisha tikisa ndani ya tyubu yenye maji hadi nyuzi ziachane. Usikwangue, utazikata.

Weka tone la maji hayo yenye nyuzi kwenye slaidi (kioo cha kutazamia kwa hadubini), likauke kabisa, ndipo utie rangi ya Herzberg (iodini na kloridi ya zinki). Maji yakibaki, rangi hupauka na kukudanganya. Pamba huwa nyekundu ya mvinyo. Njano ni mti uliosagwa bila kupikwa, ila mkonge usiopikwa vya kutosha nao huwa njano! Mkonge na mti vikipikwa vyema vyote huelekea bluu, kwa hiyo hapo amini umbo: uzi wa mkonge ni mwembamba, kama mikromita 20 (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita), msonobari ni utepe wa mikromita 30 hadi 40, una vitundu vya duara vyenye ukingo. Ukikuta pia seli fupi, pana kama pipa, zenye vitundu tele, huo ni mkaratusi au mti mwingine wa majani mapana.