Kazi iliondoka kwanza

Wiki hii mmeuliza kwa nini maghala makuukuu ya mashambani yanaachwa yaanguke, na kama lawama ni za warithi wasiojali. Mimi siwalaumu warithi. Ghala lilikimbiwa na kazi kabla ya kukimbiwa na watu.

Chukueni lile la Marekani tunalolijua kwa picha: jekundu, paa refu, mlango mpana. Chini walilala farasi na ng'ombe. Juu, darini, zilirundikwa nyasi kavu za kuwalisha wakati wa baridi, zikishushwa kwa uma kupitia tundu la sakafuni. Trekta ilipoingia, farasi wakaondoka. Kisha likaja robota la duara la nyasi, la kilo mia kadhaa, ambalo hulipandishi darini hata kwa maombi. Kombaini, ile mashine kubwa ya kuvunia nafaka, nayo haipiti mlangoni. Mkulima akajenga banda la mabati pembeni, lile la zamani akawaachia paka.

Na wakulima wenyewe walikuwa wakipungua. Mwaka 1935 Marekani ilikuwa na mashamba yapatayo milioni 6.8, sensa ya kilimo ya 2022 ilihesabu milioni 1.9. Ardhi haikwenda popote, ilimezwa na jirani: wastani wa shamba ulipanda kutoka ekari 155 hadi 463. Katikati hapo ipo miaka ya 1980, riba ilipopaa, bei ya ardhi ikaporomoka, na mashamba mengi yakapigwa mnada kwa madeni. Anayenunua shamba la tatu hahitaji ghala la tatu.

Kufa kwenyewe huanza na kitu kidogo. Kibao kimoja cha paa kinang'oka, maji yanapita palepale kila mvua, boriti inaoza kwenye kiungo, ukuta unainama. Niliwahi kuingia ndani ya moja: boriti zimechongwa kwa shoka na kufungwa kwa vigingi vya mti, na ubao wa hori umelika ukawa laini kama kipande cha sabuni pale shingo za ng'ombe zilipokuwa zikisugua. Nilikaa nikiupapasa.

Siku hizi mbao hizo hununuliwa kupamba kuta za mikahawa. Wapo wanaoona ni kuuza mifupa ya marehemu (mimi naona afadhali ukutani kuliko matopeni). Kinachonikera ni wanaochangisha fedha za kuezeka jengo, ilhali shamba linalolizunguka likifa hawasemi neno. Mwenye ng'ombe ishirini angeliezeka mwenyewe, bila kamati, maana paa likivuja nyasi zinaota ukungu na maziwa yanapungua.