Jina Lilitokea, Mbona Pesa Zikapotea?

SWALI: Ndugu Mhariri, mwezi uliopita nilituma shilingi 80,000 kwa simu huku nikimpimia mteja kitambaa, zikaenda kwa mtu nisiyemjua kwa kuwa nilikosea tarakimu moja. Mume wangu anasema ni uzembe, maana jina la mpokeaji lilitokea kabla sijathibitisha. Macho yangu ni mazima, niliwezaje kutoliona? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Pole sana, dada. Macho yalilipitia jina hilo bila akili kulisoma. Mtu akishatuma pesa mara nyingi, na kila mara jina likawa sahihi, akili huacha kulikagua, na kidole huzoea mfuatano wenyewe: namba, kiasi, namba ya siri. Tena mara nyingi jina hutajwa palepale mtu anapotakiwa kuingiza namba ya siri, hivyo umakini wote hukimbilia kwenye zile tarakimu asizotaka aliye pembeni azione.

Hata kukosea tarakimu kuna sababu. Mwaka 1956 mwanasaikolojia wa Marekani, George Miller, alieleza kwamba kumbukumbu ya muda mfupi hubeba vitu saba hivi. Mwaka 2001 mwanasaikolojia mwingine, Nelson Cowan, alikadiria kuwa ni vinne tu. Namba ya simu ya Tanzania ina tarakimu 10, nawe ulikuwa umeshika pia vipimo vya mteja kichwani.

Kwa hiyo sikubaliani na mumeo. Zamani mashine za benki zilitoa fedha kwanza na kadi baadaye, na watu waliondoka wakaziacha kadi, kwa sababu lililowapeleka pale lilikuwa limeshatimia. Dawa haikuwa kuwakaripia; nyingi zilibadilishwa zikawa zinarudisha kadi kwanza. Ningependa wanaotengeneza menyu za kutuma pesa wafanye vivyo hivyo, jina lipewe hatua yake peke yake kabla ya namba ya siri kuombwa.

Kwa sasa, hifadhi kwenye simu namba za wale unaowatumia mara kwa mara. Ukilazimika kuandika namba, igawe katika mafungu ya tarakimu tatu au nne, kisha tamka jina la mpokeaji kwa sauti kabla hujagusa namba ya siri, hata kama mteja anasubiri. Na ikitokea tena umekosea, piga huduma kwa wateja papo hapo, kwa kuwa ni rahisi zaidi kuzuia muamala kabla mpokeaji hajazitoa pesa kwa wakala.