Nilipie Tena Jina la Kikoa au Niliache?

SWALI: Habari za kazi, dada. Nashona mikoba ya ngozi na kuiuza. Zamani nilisajili jina la kikoa, yaani jina la anwani ya tovuti, linaloishia na .com, na tovuti ndogo ninayo. Lakini wateja wananiona Instagram, tunamalizana WhatsApp. Sijasikia hata mmoja akisema ameandika anwani ya tovuti. Mpwa wangu anasema majina haya yanakufa, watu siku hizi wanaiuliza tu akili mnemba. Muda wa kulipia unakaribia. Nilipie au niache? (Mshona Mikoba)

JIBU: Lipia, ndugu yangu, na usingoje siku ya mwisho.

Mpwa wako hakosei katika anachokiona. Google ilipotoa kivinjari chake cha Chrome mwaka 2008, kisanduku cha anwani na cha kutafutia vilikuwa kitu kimoja, na tangu hapo watu wengi wameacha kuandika anwani. Wanaandika neno, wanabofya kinachotokea juu. Kwenye simu tunagusa alama ya programu. Msimbo wa QR tunaupiga kamera. Na sasa akili mnemba inamjibu mtu hapohapo, hata hafiki kwenye tovuti iliyotoa habari yenyewe. Kwa hiyo lile jina fupi, tamu, lililogombaniwa kwa sababu ni rahisi kukumbuka, nguvu zake zimepungua. Hilo nalikubali.

Ila kuandikwa na vidole ni kazi moja tu ya jina la kikoa. Mwanasayansi wa kompyuta Paul Mockapetris alipobuni DNS, mfumo unaogeuza majina haya kuwa namba za kompyuta zenye tovuti (seva), mwaka 1983, shida iliyokuwepo ilikuwa kwamba orodha ya kompyuta zote za mtandao ilitunzwa kwenye faili moja, nayo ilikuwa imeelemewa. Alichotupa ni jina linalobaki palepale hata namba za seva zikibadilika. Programu za kwenye simu yako zinauliza majina hayo kutwa nzima bila wewe kujua. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika kwa takribani saa sita dunia nzima. Hitilafu ilianzia kwenye matengenezo ya mtandao wao wa ndani, lakini iliyofanya simu zetu zishindwe kuzifikia ni kwamba seva zao za DNS hazikuwa zikipatikana tena. Oktoba 2025 ikawa zamu ya Amazon: rekodi moja ya DNS ilibaki tupu, na huduma nyingi zinazotegemea mitambo yake zikaanguka. Katika siku hizo mbili, hao waliokwama wengi wao hawakuwa wameandika anwani yoyote.

Sasa tuje kwako, na hapa naomba unisome taratibu. Je, barua pepe yako ya biashara inaishia na jina hilo la kikoa? Na akaunti yako ya Instagram umeifungua kwa barua pepe hiyo? Kama ndiyo, ukiacha kulipia hutapoteza tovuti peke yake. Kwa .com, jina likiisha muda msajili (kampuni unayoilipa kwa jina hilo) kwa kawaida hukupa siku kadhaa za kujirekebisha, halafu huja siku 30 za kulikomboa kwa malipo ya ziada, halafu siku 5 za kusubiri kufutwa. Baada ya hapo jina ni la yeyote atakayewahi. Huyo mpya anaweka rekodi ya barua pepe upande wake, na kuanzia dakika hiyo kila barua iliyoandikwa kwako inamfikia yeye. Anakwenda Instagram, anabofya “umesahau nenosiri”, kiungo kinatua kwenye kikasha chake. Anaingia. Wateja wako wanaendelea kutuma ujumbe, na anayewajibu si wewe. Wasomaji walionieleza jambo hili waliliita wizi, na mimi naliita hivyohivyo, ingawa kila hatua ya kulipata jina ilikuwa halali.

Fikiria pia ukurasa ulio kwenye jukwaa la mtu mwingine. GeoCities ilifungwa 2009, Vine 2017, Google+ 2019. Aliyekuwa huko bila jina lake aliondoka mikono mitupu, na aliyekuwa na jina lake alihamishia kazi kwingine, anwani ikabaki ileile.

Mimi naamini mbele tuendako jina la kikoa litatumika zaidi kama kitambulisho. Mtandao wa kijamii wa Bluesky tayari unakuruhusu kutumia kikoa chako kama jina lako la mtumiaji, na mtu hawezi kujiita hivyo bila kukimiliki. Funguo za siri (passkeys) zinazochukua nafasi ya nenosiri hufungwa kwa jina la kikoa, hivyo tovuti bandia yenye jina linalofanana haipati kitu. Na hiyo akili mnemba ya mpwa wako huwa inatunga anwani ambazo hazipo. Mteja akitaka kuhakikisha kwamba mikoba ni yako kweli, atahitaji mahali pa kuangalia.

Kwa hiyo leo hii ingia kwenye akaunti ya msajili. Angalia jina la mmiliki ni lako au la aliyekutengenezea tovuti. Barua pepe ya mawasiliano iwe ya kikoa kingine, maana hiki kikizimika hutapata onyo. Kagua kama kadi ya kulipia haijaisha muda. Washa uthibitisho wa hatua mbili na kufuli ya uhamisho, inayozuia jina lisihamishiwe kwa msajili mwingine. Unaweza kulipia hadi miaka 10 kwa mpigo. Na msimbo wa QR unaoubandika kwenye mikoba uelekeze kwenye kikoa chako, usipitie kwa wafupishaji wa viungo, yaani huduma zinazokupa anwani fupi badala ya yako. Mfupishaji akifunga, mikoba iliyokwisha kuuzwa huwezi kuirudia.

SWALI: Nihamie .ai au .io ili nionekane wa kisasa?

JIBU: Miisho ya herufi mbili ni ya nchi na maeneo. Hiyo .ai ni ya Anguilla, kama .tv ilivyo ya Tuvalu, na sera zake haziko mikononi mwako. Ile .io ni ya visiwa vya Chagos, ambavyo Uingereza ilitia saini mkataba wa kuvikabidhi kwa Mauritius mwezi Mei 2025. Nchi ikibadilika, mwisho wa jina nao unaweza kuguswa: Yugoslavia ilipovunjika, .yu iliishia kuondolewa mwaka 2010, na waliokuwa nayo walilazimika kuhama. Sitakukataza kuichukua, lakini .com yako usiiachie. Ama mzunguko wa kuomba miisho mipya ambao ICANN, shirika linalosimamia majina ya kikoa duniani, iliupangia Aprili 2026, huo ni wa makampuni na taasisi: ada ya ombi moja iliwekwa dola 227,000.

SWALI: Nimeuziwa jina la blokucheini (daftari la kidijitali linalotumiwa na sarafu kama Bitcoin), wanasema halilipiwi tena maisha. Ni kweli?

JIBU: Majina mengi ya aina hiyo hayamo ndani ya DNS, kwa hiyo vivinjari vya kawaida haviyafungui na barua pepe haifiki. Kama una pochi ya sarafu za kidijitali linaweza kukusaidia kupokea malipo. Kwenye kadi yako ya biashara usilichape.